Miche ya nyanya itoke lini?

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miche ya nyanya na biringanya dirishani hapa Minneapolis, Marekani. Aprili inaisha, jua linawaka. Niitoe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Bado! Jua la mchana lisikudanganye. Muuaji ni usiku. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliitoa mapema Mei, jalidi (baridi ya kugandisha) ikashuka, asubuhi majani yamelegea na kuwa meusi kama mchicha ulioungua sufuriani. Nililia.

Ngoja katikati ya Mei ipite na usiku usishuke chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Biringanya inataka joto zaidi, iache wiki nyingine. Kwanza izoeze miche yote hali ya nje siku 7 hadi 10: anza kwa muda wa saa mbili kivulini, pasipo upepo, ukiongeza kidogo kidogo. Jioni irudishe ndani. Bamia zangu huzipanda Juni.