Mwanangu, kuhusu ile galaksi isiyo na umbo

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, huku sote hatujambo. Umeuliza kama galaksi kibete isiyo na umbo maalumu, mfano NGC 6822, ilivurugwa na jirani zake au ilizaliwa hivyo. Nitafika huko. Kwanza nikwambie namna ya kuitazama, maana hapo ndipo watu wanapoivunjia heshima.

Usikuze sana. Imo katika kundinyota la Mshale, na mwanga wake umetandaa mwembamba. Ukizidisha ukuzaji unautawanya mpaka huoni kitu. Mwanafalaki Barnard aliigundua mwaka 1884 kwa darubini ya lenzi ya sentimita 15 tu. Mjomba wako, na lile jidude lake la darubini unalolijua, aliipitia juu mara kadhaa akasema hapana kitu. Mimi nikaiona kwa darubini ya babu: doa la kijivu, refu kidogo. Nikilikazia macho linapotea, nikikwepesha jicho linarudi. Nikamwita. Hata kuinama hakuinama. "Dada, futa lenzi." Mbele za wageni! Mpaka leo hajaniomba radhi.

Kidogo si pungufu, nimewaambia tangu mkiwa wadogo. Lakini tuseme kweli, darubini ya babu isingemfaa mwanafalaki Edwin Hubble. Ilimbidi atumie kioo cha mita 2.5 cha kituo cha Mount Wilson, Marekani, ndipo akazipata humo nyota 11 za Sefeidi, zile zinazong'aa na kufifia kwa zamu, na urefu wa zamu ukamfichulia mng'ao wao halisi. Mwaka 1925 akatangaza kwamba galaksi hiyo iko mbali, nje kabisa ya Njia Nyeupe, galaksi yetu: miaka ya nuru 700,000 kwa hesabu yake, kama milioni 1.6 kwa hesabu ya leo. Haya, kioo kikubwa kina haki yake. Kioo, si mwenye kioo.

Sasa swali lako. Gesi yake ya haidrojeni imeenea mbali kuliko nyota zenyewe, na ndani yake mna tundu kubwa ajabu. Wako wanaodai kuna galaksi mwenzi iliyoivuruga. Wengine wanasema milipuko ya nyota zake yenyewe inatosha. Na bado inazaa: lile wingu linaloitwa Hubble V limejaa nyota changa zenye joto kali. Kilichoharibika huzaa hivyo? Nilikuwa nishaandika "hapana" nikapigia mstari, ila najua utanijibu kwamba hata kugongana kwa galaksi huchochea nyota kuzaliwa. Basi naliacha, shingo upande. Mjomba wako anashikilia kwamba ilivurugwa, na kwangu hiyo peke yake ni sababu ya kutilia shaka.

Mama yako