Picha za fungu la Nakupenda hazijachezewa, ni suala la maji

Wengi wakiona picha zake huuliza kama zimetengenezwa kwa kompyuta. Hapana, si kompyuta. Fungu la Nakupenda, kichanga kilichoinuka baharini pale mbele ya Mji Mkongwe, Unguja, hurefuka na kufupika kwa kupwa na kujaa, na maji yakijaa sana huzama. Ukifika saa kumi jioni siku za bamvu (mwezi mwandamo au mpevu, na siku moja mbili baadaye, maji yanapojaa na kupwa mno) utakuta maji tu.

Unguja, siku hizo za bamvu maji hupwa mno mnamo saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Mimi hulipia boti baada ya kuwauliza wavuvi wa Forodhani, pale ufukweni mwa Mji Mkongwe, maji yatapwa saa ngapi, hawajanikosesha hata mara moja.

Mpe jua mgongo ndipo bahari itoke ile samawati ya kijani. Mchanga ule mweupe huidanganya kamera, picha ikatoka ya kijivu, kwa hiyo pandisha mwanga kidogo. Piga picha mapema, kabla nyayo na miamvuli havijajaa. Mchanga wenye mistari ya mawimbi, haujakanyagwa bado, ndio mzuri kweli.

Ila umbo lake hubadilika kati ya majira ya pepo za kusi na za kaskazi, usitegemee mkunjo uleule ulioona kwenye picha. Na droni inataka kibali.