Kabla ya kununua sarafu ya Faustina, tazama nywele

Sarafu yangu ya kwanza ya Kirumi niliuziwa kama ya Faustina binti, mke wa Kaisari Marcus Aurelius. Nilikaa nayo miezi mitatu ndipo nikaiweka chini ya kioo cha kukuzia na kusoma herufi moja moja: DIVA FAVSTINA (hiyo V ndiyo U ya Warumi). Nikatazama na nywele. Kumbe niliyekuwa naye ni mama mtu, naye akiitwa Faustina.

Ukitaka kukusanya sarafu za wake wa makaisari, bei iache kwanza. Anza na kichwa. Faustina mama, misuko yake imezungushwa utosini kama kilemba kidogo. Bintiye ana nywele za mawimbi zilizofungwa fundo kisogoni. Julia Domna, mke wa Kaisari Septimius Severus na mzaliwa wa Emesa huko Syria, nywele zake ni nzito, zimeshuka kwa matuta hadi shingoni. Maandishi yakishalika, mara nyingi nywele bado zinasomeka.

DIVA maana yake ni kwamba mwenyewe amekwisha kufa na kuhesabiwa miongoni mwa miungu. Faustina mama alifariki mwaka 140, na mumewe, Antoninus Pius, aliyetawala hadi 161, akaendelea kutoa sarafu zenye sura yake kwa miaka mingi. Ndiyo maana nyingi za mama huyu zinazouzwa leo ni za baada ya kifo chake, na za kawaida hazina bei ya kutisha. Mgongoni utakuta neno AETERNITAS, umilele, au tausi, ndege wa Juno, mungu wa kike wa Warumi. Yangu ina tausi. Kila nikiishika namwona mume aliyekataa mkewe asahaulike. Zipo pia, adimu mno, zilizoandikwa PVELLAE FAVSTINIANAE, za kukumbuka mabinti maskini waliolelewa kwa msaada alioanzisha kwa jina la marehemu.

Beba mizani ndogo: dinari ya fedha ya enzi hizo huwa na gramu 3 na ushee. Kagua ukingo. Sarafu halisi zilipigwa chapa kwa nyundo, kwa hiyo ukiona mshono pembeni au vitundu vitundu usoni, huenda imemiminwa kwenye kalibu. Muulize muuzaji ilitoka kwa nani, na karatasi ziko wapi. Akikwepa, irudishe mezani.

Na usiisugue. Sestersi yangu, sarafu kubwa ya shaba ya Kirumi, niliiosha kwa ndimu na chumvi, utando wake wa kijani ukatoka wote usiku mmoja. Mpaka leo inaniuma.