Robota la kaptula za kiangazi na alama za binti wa gredi ya saba: niliyoyaona kibandani mwangu

Ndugu yetu kutoka upande wa Mumias ameeleza kwamba miezi miwili iliyopita alinunua robota la mitumba, yaani furushi lililobanwa, la kaptula za wanaume, zile za kiangazi, kwa bei iliyomvutia sana. Kwamba hadi leo hajauza hata theluthi ya mzigo huo. Na kwamba binti yake wa gredi ya saba, ambaye humsaidia kibandani kila Alhamisi ya soko, amerudi na ripoti inayoonyesha kuwa katika Hisabati ameteremka kutoka kufikia matarajio hadi kukaribia matarajio. Anauliza kama kasoro iko kwenye bidhaa au kwenye soko, na kama kibanda ndicho kilichomshusha mtoto au ni uvivu tu wa umri ule. Wengi wamemjibu swali la kwanza wakaliruka la pili. Kwangu mimi maswali hayo yalikuja kwa pamoja, kwa hiyo nitayajibu kwa pamoja.

Nilianza kuuza nguo za wanaume mwaka 2014 katika mji mdogo ulio kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, upande wa Vihiga. Mji wenyewe ni kituo cha matatu, kinu cha kusagia mahindi, maduka mawili ya dawa, kinyozi karibu kila mlango wa tatu, na soko ambalo hufurika Jumanne na kulala siku zinazobaki. Mimi ni mwanamke, na hadi leo wapo wanaoshangaa kwa nini sikuchagua magauni. Sababu ni kwamba mwanamume hapekui rundo kwa saa nzima, na mara nyingi anayemnunulia ni mkewe, ambaye anajua ukosi wa shati umechakaa kabla mwenye shati hajajua.

Tuanze na kaptula. Huko Ulaya na Kanada kiangazi ni Juni hadi Agosti. Kikiisha watu husafisha kabati zao, na nguo wanazozitoa hupangwa kwa aina na kwa majira kabla ya kufungwa marobota na kupakiwa melini hadi Mombasa. Sisi hatuna kiangazi cha namna hiyo, tuna mvua na tuna jua, kwa hiyo jina hilo linakuambia tu kwamba nguo ni nyepesi. Halikuambii kama itanunuliwa. Wepesi unafaa Kisumu, mji ulio ufuoni mwa ziwa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,130, ambako saa tatu asubuhi mtu ameshalowa jasho. Wifi yangu anauza Nakuru, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800, na hagusi kitani wala kaptula, kwa maana mwezi wa Julai wateja wake wanataka sweta na jaketi.

Lakini Mumias kuna joto, utasema, na ni kweli. Kinachokukwamisha hapo ni heshima. Katika miji yetu midogo kaptula ni vazi la mwanafunzi, la mchezaji mpira na la kulalia. Mwanamume mwenye wakwe hawezi kuvuka barabara ya soko akiwa magoti wazi, kwa sababu haipiti dakika kumi kabla hajakutana na mama mkwe wake, au na mzee wa kanisa, au na mtoto anayemwita baba mkubwa. Kijana wa mjini Kisumu ataivaa Jumapili jioni na hakuna atakayemuuliza; kwetu yeye huyohuyo akishuka kwenye matatu ameshavaa suruali ndefu. Muuzaji wa jumla analijua hilo, ndiyo maana kaptula alikupa kwa bei ya kutupa na mashati ya mikono mifupi hakukupunguzia hata shilingi mia. Mimi mwenyewe niliwahi kuinunua bei hiyo mara moja, nikakaa na kaptula mwaka mzima.

Mashati ni jambo jingine. Robota langu la kwanza la mashati ya kiangazi, la kilo 45, nililifungulia sebuleni usiku, mlango ukiwa na komeo, kwa kuwa sikutaka jirani aione hasara yangu kabla sijaiona mwenyewe. Hiyo ilikuwa 2016. Ukiukata ule mkanda wa plastiki, nguo hujitutumua kama unga uliotiwa hamira, na harufu ya dawa huingia hadi kwenye mto wa kulalia. Nilitandika mkeka, nikawa naokota shati mojamoja, nalinyanyua kwenye taa, napitisha kidole kwapani na kwenye ukosi, kisha naliweka kwenye rundo lake. Kifungua mimba wangu, wakati huo akiwa darasa la sita, alishika daftari. Tulihesabu mashati 193. Arobaini yalikuwa kamera, maana yake yale ambayo mteja huyaona kwanza na hayana doa, nami nikayapangia bei ya shilingi 300. Tisini yalikuwa ya kawaida, ya shilingi 150. Hamsini na moja yalikuwa fagia, ya kumwaga chini na kuita hamsini hamsini. Kumi na mawili yaliyobaki yaliraruka yakaenda gereji kuwa matambara.

Kabla sijaipata simu yangu ili nipige hesabu, mtoto alikuwa ameshaniambia kwamba yakiisha yote tutapata shilingi 28,050. Robota lilikuwa limenigharimu 17,000. Ukitoa nauli, ushuru wa kaunti wa kila siku ya soko, na makaa ya pasi, faida ilikuwa kama shilingi 9,500, nayo ilipatikana kwa wiki tano. Namweleza ndugu yetu takwimu hizi ili ajue kinachowezekana, na pia ili aelewe kosa nililolifanya baadaye, kwa sababu lilizaliwa usiku ule. Nilijisemea kwamba mtoto mwenye kichwa cha namna hiyo hapotezi kitu akikaa nami Jumanne moja moja.

Jumanne moja moja ikawa kila Jumanne yenye wateja. Alipoingia darasa la saba, mwaka 2017, alikuwa akijua kuita wateja, kurudisha chenji, kumtambua anayekuja kununua na anayekuja kupapasa tu. Nilimwandikia barua za shule kwa mkono wangu mwenyewe: tumbo, homa, jino. Mwisho wa muhula wa kwanza aliniletea ripoti. Wakati ule tulikuwa bado na KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, wa alama 500, na yeye aliyemaliza darasa la sita na alama 318 sasa alikuwa na 271. Hisabati, somo ambalo nilidhani hawezi kuanguka hata akisukumwa, ilikuwa imetoka 68 hadi 45. Niliulaumu mpira. Nilificha viatu vyake vya mpira juu ya dari.

Wateja wangu bora wakati huo walikuwa walimu, na nadhani kila muuzaji wa mji mdogo atakuambia hivyo. Mwalimu anahitaji shati jepesi lenye ukosi na suruali ya kaki, ana mshahara wa mwisho wa mwezi, na huchukua kwa deni katikati ya mwezi. Mwalimu wa darasa la mwanangu alikuwa amechukua mashati mawili ya kamera, shilingi 600, na tarehe ilikuwa imepita. Basi siku moja saa nane mchana nikafunga safari hadi shuleni kudai hela yangu.

Nilimkuta peke yake ofisini. Nilipotaja deni hakukasirika. Alisema, "Mama, hela yako utaipata Ijumaa. Lakini keti kwanza." Akafungua sajili ya mahudhurio, akaipindua upande wangu, akaweka rula chini ya jina la mwanangu. Ulikuwa msururu wa alama za kuwepo, zilizoandikwa kwa kalamu ya buluu, na katikati yake sifuri nyekundu zilizoachana kwa umbali uleule, kama vifungo vya shati. Nilihesabu tisa. Zote zilikuwa Jumanne.

Kisha akanitolea karatasi ya mtihani wa Hisabati. Maswali ya faida na hasara mtoto alikuwa ameyapata yote, na mwalimu alikiri kwamba yeye mwenyewe asingeyafanya upesi hivyo. Maswali ya eneo la duara alikuwa ameyaacha wazi, na ya aljebra alikuwa ameyajibu kwa kubahatisha. Ratiba ilikuwa imebandikwa ukutani nyuma yake: Jumanne ndiyo siku iliyokuwa na vipindi viwili vya Hisabati mfululizo, siku ambayo mada mpya ilifundishwa, Jumatano ilikuwa ya mazoezi. Mtoto alikuwa akifika Jumatano na kukuta wenzake wanafanyia mazoezi kitu ambacho kwake hakikuwahi kufundishwa, na kwa sababu ni mtoto mwenye haya, akawa ananakili kwa jirani na kunyamaza. "Wewe unanidai mia sita," mwalimu aliniambia huku akicheka, "sasa tazama unachodaiwa wewe." Sikucheka. Barua zangu za tumbo na homa zilikuwa zimekunjwa ndani ya sajili ileile.

Ndiyo maana namwomba ndugu yetu asilitaje neno uvivu kabla hajaiona sajili. Aende shuleni, aombe kuona mahudhurio ya Alhamisi, kisha aombe ratiba, na alinganishe mada zilizomshinda binti na vipindi vya siku ile. Huenda akakuta kwamba Alhamisi hakuna Hisabati kabisa na tatizo liko kwingine, labda macho, labda mwalimu mpya. Lakini kama ni kama nilivyokuta mimi, hesabu yake ni nyepesi: muhula wa wiki 13, siku moja kila wiki, ni siku 13, yaani zaidi ya wiki mbili na nusu za masomo.

Kwa utaratibu wa sasa hasara yenyewe ni kubwa kuliko ilivyokuwa kwangu. Wakati wa KCPE, ambayo ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mtoto aliweza kukosa mengi na bado akajikusanya katika darasa la nane, kwa sababu hesabu yote ilikuwa mtihani mmoja. Mtoto wa leo anapokelewa sekondari ya juu kwa kujumlisha: asilimia 20 kutokana na tathmini ya gredi ya sita, asilimia 20 kutokana na tathmini za shuleni za gredi ya saba na ya nane, na asilimia 60 kutokana na mtihani wa gredi ya tisa, ambao ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Kazi ya mradi inayofanywa darasani Alhamisi, huku binti akiwa anakunja kaptula, imo katika hesabu hiyo tayari.

Mimi nilimtafuta kijana aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, nikawa namlipa shilingi 300 kila Jumanne pamoja na chakula cha mchana. Kwa muhula mzima hiyo ilikuwa shilingi 3,900, na sitadanganya kwamba haikuniuma. Ilikuwa karibu nusu ya faida ya robota moja. Alama za mwanangu nazo hazikupanda siku ya pili. Muhula wa pili alipata 279, nikaanza kuzijutia zile 300. Muhula wa tatu 306. KCPE ya 2018 alipata 352. Jumamosi aliendelea kupiga pasi na kushika daftari, baada ya kumaliza kazi ya shule, na kazi hiyo haikumpunguzia chochote nilichokiona. Mwaka 2020, shule zilipofungwa Machi na uingizaji wa mitumba nao ukapigwa marufuku hadi Agosti, alikaa nami kibandani miezi mingi akiwa kidato cha pili, tukiuza mabaki ya fagia, na huo ndio wakati pekee ambao Jumanne yake haikuwa na deni shuleni.

Sasa zile kaptula zako, ndugu. Usizipeleke tena kwenye soko lenu la Alhamisi. Zichambue: za kuchezea mpira, zile nyepesi zenye lastiki kiunoni, wauzie wanafunzi wa bweni wiki ya kufungua shule, na timu za mtaani. Ngumu zenye mifuko mingi zipeleke kwa watu ambao kazi yao huwaweka majini, kwa sababu mvuvi wa Dunga na mkulima wa mpunga wa Ahero hawana muda wa kukunja suruali. Zinazobaki zibebe Jumapili hadi soko la Kibuye mjini Kisumu, uziuze kwa jumla kwa wauzaji wa mjini hata kama ni kwa bei uliyonunulia. Ukipata hela yako, nunua mashati ya mikono mifupi, ukigawana robota na mwenzako kama mtaji ni mdogo. Usinunue Desemba mwishoni, kwa maana Januari kila mzazi anashikilia karo na sare, na shati litakaa. Nunua Novemba mwanzoni, kabla watu hawajaanza kurudi kutoka Nairobi kwa ajili ya Krismasi. Shule zitakuwa zimefungwa, na binti anaweza kushika daftari siku nzima.