Mleta mada, hizo karatasi usizichome kwanza

Acha. Weka kiberiti chini ndipo tuongee habari za skana.

Umeuliza mambo mengi: uchukue ya kioo au ile inayovuta karatasi yenyewe, wifi ina faida gani, programu ipi inasoma maandishi vizuri, simu haitoshi? Waliochangia juu yangu wamekujibu na sina ugomvi nao. Ninachoshangaa ni kwamba wote wameiruka sentensi yako ya mwisho: una maboksi 11, utayamaliza wikiendi hii, na Jumatatu unachoma karatasi zote upate nafasi ya kabati. Ndugu yangu, hiyo sentensi imenitoa jasho. Mimi kazi hiyo nilishaifanya, na moto niliuwasha kwa mkono wangu mwenyewe.

Yangu yalikuwa maboksi tisa, makaratasi ya biashara ya familia ya miaka kama kumi hivi: mikataba, ankara, risiti, barua. Aliyeniuzia skana alinihakikishia kwamba mashine "inajua yenyewe". Hayo ndiyo maneno yake. Inajua karatasi tupu, inajua karatasi iliyokaa upande, inajua kupunguza ukubwa wa faili. Sasa mimi ni nani nibishane na mashine inayojua? Nikaiacha na mipangilio aliyoniwekea: nyeusi na nyeupe, dpi 200 (yaani nukta 200 kwa kila inchi), upande mmoja. Siku nne nikawa nimemaliza, najiona bingwa. Nikafungua faili tatu za mwanzo, zinasomeka, nikaenda zangu nyuma ya nyumba na kiberiti.

Miezi minane baadaye akatokea mtu aliyetuuzia mtambo kwa malipo ya awamu. Anadai awamu ya mwisho. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo, maana nilikuwepo siku tunamlipa. Hakuwa na kitabu cha risiti siku ile, akaugeuza mkataba wenyewe na kuandika nyuma yake: nimepokea salio lote, tarehe, sahihi. Nikafungua kompyuta kwa madaha. Mkataba upo. Ukurasa wa kwanza upo, wa pili upo, wa tatu upo. Nyuma ya ukurasa wa tatu ilikuwa majivu.

Tulilipa mara ya pili. Naomba mcheke polepole, na mke wangu mpaka leo akiniona na kiberiti ananiuliza nakipeleka wapi.

Baada ya hapo ndipo nikakaa chini na kupitia faili zote, kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya moto. Nilikuta maafa. Kwanza, kuna sehemu mashine ilivuta karatasi mbili kwa mpigo, ile ya chini ikapita bila kusomwa. Hasa ankara nyembamba zile za nakala, na karatasi zilizotoka kubanduliwa pini, maana zile tundu za pini hushikana. Pili, kila kilichoandikwa kwa penseli kilikuwa kimeyeyuka. Ukichagua nyeusi na nyeupe, kila nukta ya karatasi inalazimishwa kuwa nyeusi kabisa au nyeupe kabisa, hakuna katikati. Penseli hafifu inahesabiwa nyeupe. Muhuri uliopauka nao ni hivyo hivyo: unabaki na ankara safi isiyo na muhuri, utadhani umeichapa mwenyewe jana usiku.

Na msidhani ningepona kama ningewasha pande mbili. Ile huduma ya kuondoa karatasi tupu ilikuwa imewashwa. Upande wenye mistari miwili ya wino uliofifia, mashine inaweza kuamua hakuna kitu na kuufuta bila kukuambia. Inajua yenyewe!

Huyo muuzaji nilimrudia. Akaniangalia kwa huruma kabisa, akasema, "Sasa mzee, kwani nilikwambia uchome?" Hakuniambia, kweli. Aliyeniambia ni jamaa mmoja aliyejiita mtaalamu wa ofisi zisizo na karatasi, kwamba ukishaskani, karatasi ni takataka. Yeye ofisi yake nilikuja kuiona baadaye: makabati manne, yamejaa. Nikikutana naye tena sitamwambia kitu, nitamwomba tu anionyeshe mkataba wake mmoja, nyuma na mbele.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitairudia mpaka mnichoke: karatasi haitoki ofisini mpaka hesabu iwe sawa. Hesabu ya karatasi, si hesabu ya faili.

Namna ninavyofanya sasa ni hii. Nachukua fungu la karatasi 50, nahesabu kwa mkono, nabandua pini zote (pini moja ikibaki inakwaruza kioo na utaiona kwenye kila ukurasa mpaka uzeeke), napepea fungu ili karatasi ziachane. Naandika idadi kwenye kipande cha karatasi na kukifunga nalo. Pande mbili zimewashwa daima, kuondoa tupu kumezimwa daima. Karatasi 50 lazima zitoe kurasa 100. Zikitoka 98, kuna iliyovutwa na mwenzake, narudia fungu zima, sikisii ni ipi. Zikitoka 100, nazipitia moja moja kwenye skrini, nikiziangalia kwa macho, halafu mtu mwingine ambaye hakuskani anachukua karatasi chache bila mpangilio kutoka kwenye fungu na kunitaka nizitafute kwenye kompyuta. Ikikosekana hata moja, fungu linarudi. Kurasa tupu nitazifuta baadaye kwa mkono wangu, nikiwa na karatasi mbele yangu.

Utasema hiyo ni kazi ya mwezi. Haswa. Piga hesabu ya wikiendi yako: tuseme kila boksi lina karatasi 2,000 tu. Maboksi 11 ni karatasi 22,000. Mashine ya karatasi 40 kwa dakika, isiposimama hata sekunde, inahitaji zaidi ya saa tisa. Trei ya karatasi 50 utaijaza mara 440. Hapo hujabandua pini, hujanyoosha kona zilizojikunja, hujaenda msalani. Wikiendi haitoshi mkuu, na ukiona inaelekea kutosha ujue kuna kitu unakiruka.

Jambo jingine la kukutisha kidogo, maana naona bado unakibembeleza hicho kiberiti. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta Mjerumani, David Kriesel, aligundua kwamba mashine za Xerox za familia ya WorkCentre zilikuwa zinabadilisha namba kwenye nakala. Aliskani ramani ya jengo, vyumba vitatu vya ukubwa tofauti vikatoka vyote na namba moja. Namba haikufifia, ilitoka safi kabisa, ila si yenyewe. Chanzo kilikuwa mbinu ya kubana faili iitwayo JBIG2: ili kuokoa nafasi, mashine inatafuta vipande vinavyofanana, inahifadhi kimoja na kukibandika kila mahali. 6 na 8 zikiwa ndogo na hafifu, inaziona mapacha. Kampuni ilitoa marekebisho ya programu, lakini mimi somo nililipata: sehemu yoyote iliyoandikwa "faili ndogo kabisa" siigusi kwenye karatasi zenye hesabu. Kama umeshachoma, hiyo 8 utaibishia na nini?

Weka dpi 300, rangi, au angalau kijivu. Ukurasa wa A4 hapo una nukta 2,480 kwa 3,508, unatosha kusomeka na kuchapwa tena. 600 ni kwa maandishi madogo sana na picha, ukiitumia kwa kila kitu utajaza diski bure. Faili zikiwa nzito, zihifadhi hivyo hivyo. Diski siku hizi si tatizo, tatizo ni awamu ya mwisho ya mtambo.

Na kuna karatasi ambazo hata hesabu ikiwa sawa hazichomwi. Hati za mali, wosia, vyeti, mikataba yenye sahihi za wino. Skani uwe nayo ya kutafutia, lakini karatasi yenyewe irudi kabatini. Nyingine sheria inataka zitunzwe kwa miaka kadhaa, muulize mhasibu au mwanasheria wako, usiniulize mimi mchoma moto. Risiti za mashine, zile za karatasi inayong'aa, anza kuziskani leo usiku, kwa sababu maandishi yake yanafifia yenyewe hata bila kiberiti chako.

Haya, skana. Chukua inayovuta karatasi na kusoma pande mbili kwa mpito mmoja, na iwe na kihisi cha mawimbi ya sauti kinachosimamisha mashine karatasi mbili zikipita pamoja. Hicho kihisi ndicho ningelipia kuliko kitu kingine chochote, na bado ningehesabu. Ya kioo unaihitaji kwa vitabu, pasi za kusafiria, picha za zamani na karatasi zilizochakaa, usije ukaingiza picha ya harusi ya bibi kwenye roli. Namba kubwa za dpi kwenye boksi usizijali, uliza dpi halisi ya lenzi, hizo nyingine ni programu inakisia nukta za katikati. Uliza pia kama roli za mpira zinauzwa peke yake, maana zinaisha, na zikianza kuisha ndipo karatasi huvutwa mbili mbili. Ukiona mstari mwembamba unashuka kwenye kila ukurasa, mashine haijafa: kuna uchafu kwenye kile kioo chembamba chini ya mlisho (pale karatasi zinapoingilia), futa kwa kitambaa laini.

Programu ya kusoma maandishi, Tesseract ni ya bure na Kiswahili inakijua. Simu ni kwa karatasi moja mbili ukiwa njiani. Na wifi uliyouliza, usihangaike nayo. Kebo inatosha.

Anza na boksi moja Jumamosi, moja tu. Ukimaliza fungu la kwanza rudi hapa utuandikie namba mbili: karatasi ngapi, kurasa ngapi.