MASWALI YA GEMU: Kilimanjaro ipo kweli, ila jifunze kutua kwanza

SWALI (msomaji, Moshi): Mambo vipi kaka. Huku kijiweni kuna jamaa anabisha eti kuna gemu la snoubodi, ule ubao wa kuteleza kwenye theluji, unashuka nalo Mlima Kilimanjaro, sisi tunamwambia anatupiga kamba. Nani mkweli?

JIBU: Poa mdau. Mkweli ni jamaa, mumnunulie soda. Gemu ni SSX, lile la 2012 la PS3 na Xbox 360. Ukienda kulitafuta taja mwaka, maana lile la kwanza kabisa lililotoka 2000 kwa PS2 nalo linaitwa SSX tu, sijui hawa watu majina yaliwaishia. Watengenezaji wake, EA Canada, walichukua data za setilaiti za NASA wakachonga milima ya kweli, Himalaya, Andes, Alps, Alaska, mpaka Antaktika, na kwa Afrika wakachagua wa kwenu, halafu wakaongezea miinuko ya kurukia na mabonde ya kukuua. Sasa usitegemee kuiona njia ya Marangu wala stendi ya Moshi mle ndani! Na theluji waliyoimwaga pale ni nyingi mno, mlima wenyewe huo wa mita 5,895 barafu yake ilipungua kwa karibu asilimia 85 kati ya 1912 na 2007. Kwenye Himalaya ndo kuna raha ya ajabu, unabeba mtungi wa oksijeni mgongoni, ukisahau kuvuta pumzi skrini inaanza kuwa giza huku bado unashuka.

SWALI (msomaji, Temeke): Bro nimepata PS2 ya mtumba ikaja na SSX Tricky. Kila nikiruka nadondoka kifudifudi, kompyuta zinanipita zote, nimeanza kuichukia. Nakosea wapi?

JIBU: Bila hata kukuona najua vidole vyako bado vimeng'ang'ania pedi wakati unatua. Hilo gemu la 2001 linakudanganya kwamba ni mbio, kumbe mbio zenyewe zinaendeshwa na triki. Ukifanya triki hewani ukatua salama ule mstari wa busti, yaani kasi ya ziada, pembeni unajaa, ukibonyeza kitufe cha mraba unautumia na unachomoka, busti ikiisha unabaki unaserereka tu na wenzako wanapepea. Kwa hiyo anayeogopa kuruka hashindi, na anayeruka bila kujua kutua naye hashindi.

Fanya hivi. Shikilia kitufe cha X mapema kabla hujafika kwenye ukingo, ukiwa bado umeishikilia kandamiza kushoto au kulia upate mzunguko, juu au chini kama unataka kupinduka, halafu achia X pale ukingoni kabisa, ukiachia mapema unaruka karuko ka kuku. Ukiwa juu shika ubao kwa vile vitufe vya mbele ya pedi, L1, L2, R1 au R2. Sasa hapa ndo penyewe: ukiona chini inakuja ACHIA KILA KITU, vidole vyote, acha mwili ujinyooshe, tamaa ya nusu mzunguko wa mwisho ndo inakuangusha. Anza na mzunguko mmoja na kushika kumoja, ukizoea ongeza. Mstari ukijaa mpaka juu ndo unafanya zile triki kubwa zinazoitwa Uber, unabonyeza kitufe cha kushika pamoja na mraba, jamaa anauvua ubao miguuni anauchezea hewani kama kichaa. Kila Uber ukitua salama unapata herufi moja ya TRICKY, zikikamilika sita busti haiishi tena. Hapo ndo utanitafuta kunishukuru.

SWALI (mama, Morogoro): Mwanangu, kijana wangu ana PS5 na anataka hayo magemu ya theluji uliyoyaandika. Nikikuta diski za zamani sokoni zitaingia?

JIBU: Shikamoo mama. Hapana, usinunue. PS5 yenye sehemu ya diski inasoma diski za PS4, ila za PS3 na PS2 haizisomi kabisa, muuzaji atakuapia kwamba zinasoma. Mchukulie Steep, la Ubisoft la 2016, ni la PS4 kwa hiyo litaingia, lina Alps na Alaska, anaweza kuchagua snoubodi, ski au hata parashuti. Ila linataka intaneti muda wote anapocheza, kwa hiyo kama nyumbani mnaishi kwa bando la simu fikiria mara mbili mama, pengine atakuja kukuomba vocha kila jioni.

SWALI (msomaji, Mombasa): Tricky ama SSX 3? Tumegombana hapa tangu juzi.

JIBU: SSX 3, na najua nitatukanwa. Tricky ina vituko na kelele zaidi, sikatai, lakini SSX 3 ya 2003 ilikuja na mlima mmoja wenye vilele vitatu vilivyounganishwa, ukishafungua kilele cha juu unaweza kuteremka mpaka chini karibu nusu saa bila gemu kusimama kuloudi, na hiyo ni PS2 jamani! Redio inapiga, DJ Atomika, mtangazaji wa mle ndani ya gemu, anaongea, wewe unashuka tu. Mkitaka kumaliza ugomvi wenyewe kwa wenyewe basi chezeni Tricky wawili wawili, ila lile SSX la 2012 msihangaike nalo kwa hilo, halina kugawa skrini.