Kwa Mnaoanza Kupanga Vigae: Kitako cha Bakuli Hudanganya

Jumatatu nimefungua mifuko ya vigae, yaani vipande vya vyombo vilivyofukuliwa ardhini, iliyopangwa na wadogo zangu wawili walio mafunzoni, nikakaa chini. Mfuko wa tatu lebo yake inasema "Kaure ya China, Ming", yaani chombo cheupe kigumu cha enzi ya wafalme wa Ming. Ndani mna kigae cha bakuli la Maastricht, Uholanzi, yale ya maua ya kugonga kwa sponji, ambalo bibi yangu alikuwa nalo kabatini na akilitilia uji. Nilicheka kwanza. Kisha nikakumbuka yangu, kicheko kikakatika. Naandika haya ili nisiyaseme tena kwa mdomo mwakani.

1. Tazama mvunjiko kabla hujatazama picha.

Kaure halisi ikivunjika ni nyeupe hadi ndani, imekaza kama kioo, na huoni glezi, ule utando wa kung'aa wa juu, inaishia wapi na mwili unaanzia wapi, maana vyote vimeiva pamoja kwenye moto wa nyuzi 1300 hivi. Kigae cha Delft, mji wa Uholanzi, kina mwili wa rangi ya biskuti, na ile glezi nyeupe ya bati hubanduka kama ganda la yai. Wafinyanzi wa Delft hawakuwa wajinga, wadogo zangu. Kaolini, udongo mweupe wa kaure, hawakuwa nayo. Walichofanya ni kuuvalisha udongo wao kanzu nyeupe na kuuchora buluu ya Kichina, na biashara ikawanyookea, hasa baada ya Ming kuanguka 1644 na mzigo wa Jingdezhen, mji wa kaure wa China, kuadimika. Ulaya nzima ilikuwa inaitafuta siri ya kaure. August, mtawala wa Saxony huko Ujerumani, alimfungia kijana aitwaye Böttger aliyedai anajua kutengeneza dhahabu. Dhahabu haikutoka, ikatoka kaure, na kiwanda cha Meissen kikaanzishwa 1710. August mwenyewe hakutosheka: 1717 alimpa mfalme wa Prussia askari 600 wa farasi, naye akapewa vyombo 151 vya kaure. Nikimwona mtu anabeba trei ya vigae kwa mkono mmoja huku simu iko sikioni, humpigia hesabu hiyo. Ni kama askari wanne kwa chombo kimoja.

Ukiwa na shaka, gusa mvunjiko kwa ncha ya ulimi: udongo hunata, kaure hainati. Kigae kioshwe kwanza, tafadhali.

2. Maandishi ya kitakoni si cheti cha kuzaliwa.

Hapa ndipo pangu. Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa mifuko ya shimo moja, jalala la nyumba ya mawe. Tabaka la nne likanipa kitako cha bakuli la buluu na nyeupe: duara mbili, na ndani yake herufi sita za Kichina, hakuna hata moja iliyokatika. Nilikuwa na fotokopi ya mihuri ya enzi za Ming na Qing, ukoo uliotawala China baada ya Ming, imechakaa kwa kukunjwa. Usiku ule umeme ulikatika, nikalinganisha herufi moja moja tochi ikiwa mdomoni. Da Ming Chenghua nian zhi, yaani kimetengenezwa enzi ya Chenghua wa Ming. Enzi ya mfalme Chenghua, 1465 hadi 1487. Sikulala.

Asubuhi nikalivisha tabaka zima tarehe hiyo. Vigae vya vyungu, shanga, mifupa ya mbuzi, kila kitu kikawa cha karne ya 15. Nikaandika ripoti ya kurasa 12, na kwenye ukurasa wa mwisho, Mungu anisamehe, nikamwingiza Zheng He, yule amiri wa Kichina, na merikebu zake.

Niliisoma mbele ya watu, wageni wakiwemo, nimevaa koti la kuazima. Nilipomaliza, Bi Mkubwa wetu wa stoo, mama aliyeshika vigae tangu mimi sijazaliwa, hakuuliza lolote kuhusu bakuli. Alifungua rejista yangu mwenyewe, akaweka kidole kwenye mstari wa saba wa tabaka la nne, akasoma taratibu: "Shina la kiko cha Kizungu, udongo mweupe, vipande viwili." Mwandiko wangu. Akanitazama juu ya miwani.

"Mwanangu, huyu bwana wako tumbaku, mmea wa Amerika, aliitoa wapi, na Columbus kafika Amerika 1492?"

Mgeni mmoja akakohoa. Bi Mkubwa akaongeza, kwa upole uliouma kuliko kofi, kwamba safari za Zheng He zilikwisha 1433, miaka thelathini na zaidi kabla Chenghua hajakalia kiti. Nilitamani koti lile linimeze.

Jioni alinimiminia chai ya tangawizi, akanieleza. Mwaka 1677 mkuu wa wilaya yenye matanuri ya Jingdezhen alikataza kuandika enzi ya mfalme aliyepo, Kangxi, kwenye vyombo. Vyombo huvunjika, na jina la mfalme lisingefaa kuishia takatakani. Basi wafinyanzi wengine wakaacha duara tupu, wengine wakachora jani au sungura, na wengine wakaandika enzi ya zamani yenye heshima. Chenghua ilipendwa sana. Bakuli langu lilikuwa la Kangxi, mtu aliyetawala 1661 hadi 1722. Ni la siku zile ambazo frigeti ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya Fort Jesus, 1697. Yule mkuu wa wilaya aliogopa jalala, na mimi bakuli nimelitoa jalalani. Nililigundua hilo usiku, peke yangu, nikifuta lebo moja baada ya nyingine.

Kilichoniuma si kutojua habari ya 1677. Kiko nilikiosha mimi, nikakipima mimi, nikakiandika mimi. Nilikuwa nimeshapata herufi zangu sita, sikutaka kusikia kingine.

3. Kaure iitwayo Imari: Imari ni bandari tu ya Japani, tanuri ziko Arita. Vinundu vidogo kitakoni, alama za vishikizo vya tanuri, aghalabu hukuelekeza Japani.

4. Rangi za juu ya glezi zisiguswe na brashi.

Buluu ya kobalti imekaa chini ya glezi, hiyo haiendi popote. Nyekundu, kijani na dhahabu zimechomwa baadaye kwa moto mdogo, ziko juu juu. Mwaka juzi kijana mmoja, mchapakazi kweli, aliniletea kigae cheupe kinachometa akitarajia sifa. Asubuhi kilikuwa na ua la peoni lenye kingo za dhahabu. Nilimsifu kwa bidii yake, nikaenda kusimama nje kidogo.

5. Ile picha ya mti wenye matawi yaliyoinama, daraja na ndege wawili ni ya Waingereza, na hadithi ya wapenzi pia waliitunga wao. Msiandike "ngano ya kale ya Kichina". Nimeshaiona mara nne.

Wale wawili wanarudi Alhamisi. Mifuko sijaigusa, lebo watazibadilisha wenyewe. Kile kigae cha "Ming" nimewawekea katikati ya meza, kitako juu, neno MAASTRICHT likisomeka bila miwani.